Mwanamke wa Mbele ya Picha

Ukutani kwa Walburga pametundikwa picha ya boma la Songea, na katika picha hiyo nimo mimi. Nimesimama mbele kabisa, pembe ya kulia, mtungi kichwani, mrefu kuliko lango la boma lenyewe. Walburga naye yumo. Ila kumwona ni kazi: inabidi usogeze pua mpaka ikaribie kugusa karatasi, kwani yuko mwisho wa njia, langoni, mdogo kama punje ya ulezi. Yeye ndiye mke wa mtu aliyeichonga picha hiyo. Mimi si mke wa mtu yeyote. Kila nikienda kuwasalimu nakuta ametundika ungo juu ya ile pembe ya kulia, na kila nikiondoka naacha nimeusogeza.

Naitwa Lidwina. Ni Mmatengo wa milimani, lakini wazazi wangu walikufa nikiwa mdogo, nikalelewa na misheni, mwendo wa asubuhi moja kutoka Songea. Kazi yangu ilikuwa kufua na kupiga pasi nguo za altare. Osmund alikuwa kijana wa Kingoni, fundi seremala chini ya Bruda Rupert. Tulijifunza katekisimu benchi moja, tukabatizwa siku moja, na nikimpelekea uji karakana alikuwa anaacha ule wa jikoni anakunywa wangu. Watu walishaanza kunitania, wananiita mke wa seremala, nami sikuwa nakataa.

Kisha wakaenda upande wa Namtumbo kutafuta mbao za mninga. Osmund alirudi na mbao, na Walburga. Mndendeule, mwembamba, ana mwanya, hajui kupiga pasi hata kitambaa cha mkono. Walifunga ndoa baada ya mavuno, na shela la bibi harusi nililipiga pasi mimi. Nililinyoosha vizuri, sikuliunguza, na Mungu anajua nilivyotamani kuliunguza. Nilimwonea wivu. Sitafuti neno la upole zaidi, na hata sasa silitafuti.

Bruda Rupert alikuwa na sanduku la picha za kuchapwa, za zamani kuliko babu yake, ndivyo alivyosema. Zote zilikuwa za miji ya kwao: mitaa mirefu, makanisa, madaraja, nyumba zimesimama bega kwa bega pande zote mbili za njia. Osmund alizipenda kupita kiasi. Siku moja nilimkuta amepigilia msumari katikati ya ubao, amefunga uzi kwenye msumari, anauvuta huku na huku juu ya karatasi na kuchora mistari kwa kuufuata. Mapaa yote, madirisha yote, kingo za njia, vyote vilikuwa vinakimbilia msumari ule.

"Tazama, Lidwina," aliniambia. "Cha karibu kinakuwa kikubwa, cha mbali kinakuwa kidogo, na vyote vinakwenda kukutana hapa. Ndivyo jicho linavyoona siku zote, ila hatukuwahi kuliuliza."

Mimi nilichotazama ni watu. Katika kila picha palikuwa na mtu pembeni, mbele kabisa: mwanamke mwenye kikapu, muuza maji, mzee na mbwa wake. Nilimuuliza Bruda hao ni akina nani. Alisema hajui, hakuna anayejua, huwekwa tu pale. Nikaona wana bahati kweli. Mji mzima uko nyuma yao, wao wako mbele.

Kiangazi kile Bruda alimpa Osmund kazi ya kuchonga picha ya boma la Songea kwenye mti, ichapwe katika gazeti la misheni huko Ulaya. Tulikwenda watatu: yeye, mkewe na mimi. Osmund alichagua kilima kidogo, pale njia inapoanza kushuka kuelekea boma, akaweka ubao wake juu ya magoti. "Lidwina, simama hapa na mtungi," akasema. Kisha akamchukua mkewe akashuka naye. Kila Walburga alipogeuka kuuliza kama inatosha, alimwambia aendelee kidogo. Endelea. Endelea tena. Mpaka wakafika langoni, askari wa zamu akawatolea macho, na Osmund akapanda kilima peke yake akihema.

Asubuhi yote ile nilikuwa naye. Alinitazama, akachora, akanitazama tena. Aliniambia niinue kidevu. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote, kabla ya siku ile wala baada yake. Kule chini mkewe alikuwa amesimama juani kama kigingi cha mbuzi, hasikii kitu wala haulizwi kitu. Moyo wangu ulijaa, nasema kweli ulijaa.

Walburga alipoiona karatasi alicheka kwanza. Kisha akajitafuta, hakujiona, mpaka mumewe akamwonyesha kwa ncha ya kisu. Kesho yake alinifuata mtoni nilipokuwa nafua.

"Dada Lidwina, umemlisha nini mume wangu?"

"Uji," nilimjibu. "Lakini ni zamani."

"Mimi ndiye ninayempikia. Mimi ndiye ninayemtoa vibanzi vidoleni. Halafu kwenye picha wewe uwe mkubwa kama ghala, na mimi niwe inzi?"

"Inzi ana mabawa," nikasema. "Wewe sijayaona."

Wanawake waliokuwa wanafua wakaangua kicheko. Walburga hakucheka. Akabeba mtungi wake akaondoka bila kuteka maji. Siku ile nilifua nikiimba.

Osmund alihamishia mchoro kwenye kibao cha mninga. Kazi hiyo ina ukaidi wake: unachokiacha ndicho kinachotoka cheusi, unachokichimba kinabaki cheupe, na kila kitu lazima kichongwe kinyume, cha kulia kikae kushoto, ili kikichapwa kitoke sawa. Alichongea nyumbani jioni, kwa sababu mchana Bruda alimtaka kwenye mabenchi ya kanisa. Jioni moja Osmund alipokwenda kusali rozari, Walburga alichukua bobari, ile patasi ya kuchimbia, akanichimba. Hakugusa boma, hakugusa njia, hakugusa mnara. Alinichimba mimi tu, kuanzia mtungi hadi nyayo, kwa uangalifu ambao sikudhani anao.

Niliposikia nililia kwa hasira. Na ndani ya hasira ile nilikuwa na furaha yangu, naisema wazi. Kama sikuwa kitu kwa mumewe, angenichimba kwa nini?

Osmund hakumpiga wala hakumfokea. Alisema kibao kitapona: atakata shimo la pembe nne mahali nilipokuwa, achomeke kipande kipya cha mti, anichonge upya. Lakini karatasi ya mchoro ilikuwa imechakaa kwa kunakiliwa, na mistari ya njia nyuma yangu ilikuwa imefutika. Ikambidi aichukue karatasi ileile arudi nayo kilimani kuichora upya mistari hiyo. Alikwenda peke yake. Mimi sikuitwa, Walburga alihakikisha hilo.

Siku hizo habari za dawa ya maji zilikuwa zimeshafika Ungoni kutoka mashariki. Watu walinong'ona kwamba ukinyunyiziwa dawa hiyo, risasi ya Mjerumani inageuka maji. Pale misheni tulidhani ni maneno ya njiani. Askari wa boma hawakudhani hivyo. Walimkuta kijana wa Kingoni amekaa kilimani na karatasi inayoonyesha kuta, mnara na lango, na mistari iliyonyooka ikitoka kila upande kwenda kukutana palepale langoni. Kwao ile haikuwa picha. Ilikuwa mipango ya kushambulia, kila mstari njia ya kikosi chake.

Walimtia mnyororo. Kabla Bruda hajapata nafasi ya kwenda kumtetea, vita vilikuwa vimetufikia. Mapadri na mabruda walikimbilia upande wa Ziwa Nyasa. Misheni ikachomwa, likaungua sanduku la picha, ikaungua sakristia na nguo zangu zote za altare, zimepigwa pasi na kukunjwa. Sisi tuliobaki tulijificha porini tukila ming'oko, viazi vya mwituni. Mtu pekee ambaye angeweza kusema kwamba Osmund ni fundi na si mpelelezi alikuwa Bruda Rupert, na Bruda hakuwepo.

Ndipo Walburga akanitafuta. Alinikuta nimeinama nachimba ming'oko. Kibao alikuwa amekifunga mgongoni kwa kaniki, kama anavyobebwa mtoto.

"Dada, wanasema boma litanyonga watu," alisema. "Nataka nikawaonyeshe kibao, waone ile ni kazi ya kuchapa. Lakini karatasi waliyomkamata nayo ina mwanamke mbele, na hiki kina shimo. Watasema ni vitu viwili mbalimbali."

"Shimo amelichimba nani?"

"Dada, jamani."

"Nataka nisikie."

"Mimi. Nimelichimba mimi kwa mkono wangu. Njoo usimame tena pale kilimani, wakuone. Wewe ndiye unayeonekana."

Wewe ndiye unayeonekana. Aliyasema maneno hayo kana kwamba anatema nyongo. Sitadanganya kwamba niliinuka mara moja. Nilikaa, nikafikiri kwamba Osmund akifa hatakuwa wangu wala wake, na wazo hilo sikulialika, lilikuja lenyewe. Kisha nikafikiri kwamba akipona kwa sababu yangu atajua kapona kwa sababu ya nani. Hilo ndilo lililoniinua. Tulishika njia tukiwa tumejitwika kuni, ili anayekutana nasi aone wanawake wa kuni tu.

Njiani, tulipopumzika kivulini, Walburga aliuliza bila kunitazama: "Siku ile alipokuwa anakuchora, alikuwa anakwambia nini?"

"Mambo yetu," nilijibu.

Ofisa wa boma alikuwa mtu mchovu mwenye ndevu nyekundu, na mkalimani wake alikuwa askari wa pwani aitwaye Swalehe. Swalehe alikipokea kibao, akakigeuza huku na huku, akasema hili ni boma jingine kabisa, mnara uko upande usio wake. Walburga hakuwahi kuingia karakana, hakujua. Mimi nilijua.

"Kaka, paka masizi ukichape kwanza," nikamwambia. "Kitageuka chenyewe."

Wakachanganya masizi ya taa na mafuta, wakapaka, wakalaza karatasi juu yake, na Swalehe akaisugua kwa mgongo wa kijiko. Ilipobanduliwa, boma lilikuwa limekaa sawasawa, mnara mahali pake, njia mahali pake, na langoni ile punje ya ulezi. Pembe ya kulia palikuwa na pengo jeupe lenye umbo langu. Ofisa aliitoa karatasi waliyomkamata nayo Osmund, akaziweka mbili hizo sambamba. Alilitazama pengo, akanitazama mimi. Akaamuru twende kilimani.

Osmund aliletwa akiwa na mnyororo shingoni, amekonda, midomo imepasuka. Nilipewa mtungi wa jikoni, nikasimama mahali pangu. Walburga hakungoja kuambiwa. Alishuka njia yote peke yake mpaka langoni, akageuka, akasimama.

Ofisa alipiga goti pale Osmund alipokuwa amekaa siku ile, akafumba jicho moja. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekumbuka kwao, akamwambia Swalehe maneno huku akininyooshea kidole.

"Bwana anasema sasa ameelewa," Swalehe alimwambia Osmund. "Picha za miji ya kwao ziko vivi hivi. Anasema pia kwamba mkeo huyu ni mwanamke mzuri, na umemchora vizuri."

Niliinamisha macho. Sikusema neno. Nilikuwa naomba kwa nguvu zangu zote Osmund naye asiseme neno.

"Huyu si mke wangu," Osmund akasema. "Mke wangu ni yule kule."

Swalehe alitazama langoni, akakunja uso. "Yule? Mbona umemfanya kama siafu?"

"Mimi ni Mngoni," Osmund alisema, sauti imekauka kwa kiu. "Ukiingia katika ua wa baba yangu, hapo langoni karibu na miguu yako wanakaa watumishi na wageni. Nyumba ya mama, mke mkubwa, iko mwisho kabisa, inatazamana na lango. Jicho lako litakwenda kwake tu, hata ukikataa. Bruda aliponifundisha kwamba mistari yote ina mahali inapokutana, nilijua palepale ni nani wa kusimama hapo. Kwenye karatasi nilianza na yeye. Vingine vyote vimechorwa kumfuata yeye."

"Na huyu mwenye mtungi?"

"Huyu anazuia jicho lisitoke nje ya karatasi," alisema, bila ubaya wowote. "Ni dada yetu wa misheni. Ana subira ya kusimama."

Subira ya kusimama! Mtungi ulikuwa mtupu, lakini shingo iliniuma kama nimebeba mto mzima. Mimi Mmatengo, Walburga Mndendeule, kwetu nyumba hazipangwi hivyo. Tulikuwa tumegombea ukubwa kiangazi kizima, tumechekana, tumelia na kulizana, na mwenye picha hakuwa amefikiria ukubwa hata kidogo. Naye hakuona haja ya kumweleza mtu. Kwa Mngoni jambo hilo halielezwi, linaonekana.

Kule chini Walburga alikuwa amesimama wima, ameweka mkono juu ya macho kukinga jua. Alikuwa mbali, hakusikia hata neno moja.

Mnyororo ulifunguliwa siku ileile. Wengi hawakufunguliwa. Mwaka uliofuata miti ya kunyongea ilisimamishwa Songea, ikachukua wanaume tuliowajua tangu utoto, kisha ikaja njaa ikachukua waliobaki nyumbani. Bruda aliporudi, Osmund alichomeka kipande kipya kwenye kibao, akanichonga upya kwa kufuata ile karatasi, na picha ikachapwa. Miti ile haimo. Bruda alisema picha za miji huwa hazionyeshi mambo hayo.

Sasa Mjerumani mwenyewe ameshaondoka. Osmund na Walburga wana watoto wakubwa. Osmund hajawahi kuwa mtu wa maneno, na ukimuuliza habari za siku ile anasema tu kwamba alikuwa na kiu. Walburga naye hajawahi kumuuliza kwa nini alimchora vile, kwa sababu analiogopa jibu. Jibu ninalo mimi. Swalehe alirudi pwani, ofisa amekwenda zake, nimebaki nalo peke yangu.

Jumapili iliyopita baada ya misa nilikwenda kwao. Ungo ulikuwa mahali pake. Niliusogeza. Walburga akatoka jikoni, mikono ina unga, mvi zimemjaa pembeni mwa uso.

"Uache, Lidwina," alisema. "Nimeolewa naye, nimezaa naye, nitazikwa karibu naye. Ulikuja kilimani nilipokuomba, hilo silisahau. Lakini asubuhi ile alikutazama wewe mpaka jua likapanda, na mimi nimesimama kule kama mti. Mengine nimekusamehe. Hilo siliwezi."

Jibu lilikuwa mdomoni mwangu. Ningesema maneno machache tu, naye angelia, angeutupa ungo uani, angemkimbilia mumewe shambani. Kuanzia siku hiyo ningekaribishwa vizuri sana katika nyumba hii. Ningewekewa kiti cha kuegemea, ningepewa paja la kuku, ningeitwa maskini Lidwina. Naye kila akipita mbele ya picha angeniona nilivyo, kizuizi cha macho chenye mtungi.

Nilimtazama jinsi alivyokuwa ananitazama. Katika maisha yangu yote hakuna mtu mwingine aliyewahi kunionea wivu.

"Alinitazama, ndiyo," nilimwambia. "Akaniambia niinue kidevu."

Uso wake ulikunjamana. Aliuchukua ungo, akautundika tena juu yangu, akaubana ukutani kwa viganja viwili mpaka unga wa mikono yake ukabaki kwenye ukingo. Nami nikavuta kigoda, nikaketi, nikangoja uji.